Tuwatii wakuu, au tusiwategemee? Swali la Itaka

Ndugu zangu, leo naomba tuzungumze kidogo habari ya Biblia na watawala. Najua wapo ambao wakisikia neno Biblia wanaona mahubiri yameanza. Msiwe na haraka. Hii ni historia, tena kwa sehemu kubwa ni historia ya huku kwetu mpakani.

Swali lenyewe nimelikuta hapa Itaka, wilayani Mbozi, kwenye maongezi ya baada ya ibada. Mzee mmoja, mkulima wa kahawa, alinishika mkono akasema, "Mwanangu, wewe si ndiye mwandishi wa habari? Basi nieleze. Zaburi ya 146 inanikataza kuwatumainia wakuu. Warumi 13 inaniambia niitii mamlaka kwa sababu Mungu ndiye aliyeiweka. Sasa Mungu aniwekee mtu, halafu anikataze kumtegemea?" Watu wakacheka. Mwinjilisti akatoa jibu fupi, na maongezi yakahamia kwenye bei ya mbolea. Mimi swali lilinikaa.

Kwanza tuzione aya zenyewe. Upande mmoja ipo Zaburi ya 118, mstari wa 8 na wa 9, inayosema kumkimbilia Mungu ni bora kuliko kumtumainia mwanadamu, hata awe mkubwa kiasi gani. Ipo hiyo ya 146. Ipo Yeremia 17:5, kali kuliko zote, inayotamka laana juu ya anayemfanya mwanadamu kuwa tegemeo lake. Upande wa pili ipo Warumi 13, yenye mpaka habari ya kulipa kodi (na huku Tunduma ukitaja neno mamlaka, mtu wa kwanza kufikiriwa ni yule wa mapato!). Ipo 1 Petro 2, ipo Tito 3:1, ipo 1 Timotheo 2 inayotaka tuwaombee wafalme na wote wenye madaraka, na ipo Waebrania 13:17 kuhusu kuwatii viongozi wa kanisa.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba kutii siyo kutegemea. Ni jibu zuri na kwa kiasi kikubwa ni la kweli. Zaburi hizo mbili na Yeremia zinatumia neno moja la Kiebrania, lenye maana ya kuegemea kitu ukijiona salama. Neno la Paulo kwenye Warumi ni la Kigiriki, nalo ni la mpangilio: kukaa chini ya aliye juu yako, kama askari kwenye safu. Askari anaweza kukaa kwenye safu huku akijua kabisa kuwa kamanda wake hana akili.

Ila Biblia haijapangwa kwa unadhifu huo. Soma Kutoka 14:31, baada ya watu kuvuka bahari: inasema walimwamini Mungu na wakamwamini Musa mtumishi wake, kitenzi ni kile kile kwa wote wawili. 2 Nyakati 20:20 nayo inawataka watu wamwamini Mungu, na wawaamini manabii wake. Halafu linganisha Methali 24:21 na 1 Petro 2:17. Kwenye Methali mwana anaambiwa amche Mungu na mfalme pamoja, hofu moja kwa wawili. Petro anazigawa: hofu ni ya Mungu, mfalme apewe heshima. Mtu akikwambia Biblia nzima inasema jambo moja tu kuhusu watawala, mwulize ameruka ukurasa upi.

Mimi kazi yangu imenifundisha maswali machache: nani kasema, kamwambia nani, lini, na nani alifaidika. Nikaenda nayo kwa Yeremia, na hapo ndipo niliposhangaa. Yeremia huyo huyo wa sura ya 17, kwenye sura ya 27 anajivika nira shingoni na kumwambia mfalme Sedekia wa Yuda na wajumbe wa mataifa jirani wamtumikie Nebukadreza, mfalme wa Babeli, wapate kuishi. Nebukadreza! Mpagani aliyewavamia! Kinywa kimoja kinasema amelaaniwa anayemtegemea mwanadamu, na kinywa hicho hicho kinasema ingieni chini ya mtawala wa kigeni. Yuda walikuwa wakitegemea jeshi la Misri lije liwaokoe. Yeremia akawaambia wasiitegemee Misri, na Babeli waitumikie bila kuiabudu. Wakubwa wa Yerusalemu wakamwona msaliti, wakamtupa shimoni. Mji ukaanguka mwaka 587 au 586 K.K.

Kwa Yeremia, basi, kutii na kutokutegemea vilikaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana. Tabu ni kwamba Yeremia hakuwa akisoma aya. Wasomaji ndio waliokuja kugawana: wengine wakachukua Warumi 13, wengine wakachukua Zaburi. Na sehemu ambayo mgawanyo huo umeonekana waziwazi ni hapa petu, kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika.

Mpaka wenyewe ulichorwa Ulaya mwaka 1890, Wajerumani na Waingereza walipokubaliana. Upande mmoja ukawa wa Kaisari wa Ujerumani, upande wa pili wa Malkia wa Uingereza, na Wanyamwanga wakajikuta pande zote mbili. Mkristo wa Tunduma na Mkristo wa Nakonde wakasoma Warumi 13 ile ile, kila mmoja akaelekezwa kwa mkubwa tofauti. Wamoraviani kutoka Ujerumani walifungua kituo cha Mbozi mwaka 1899, na mmisionari Traugott Bachmann akakaa hapo miaka mingi, akijifunza Kinyiha na kulitafsiri Agano Jipya kwa lugha hiyo. Ng'ambo ya pili, Waskoti wa misheni ya Livingstonia walikuwa na kituo cha Mwenzo. Serikali ya Kijerumani ilikuwa imeshaanza kudai kodi ya nyumba, rupia 3. Anayetaka kujua wenyeji walivyoweza kuisikia Biblia wakati huo asome 1 Samweli sura ya 8, Samweli anapowaonya Waisraeli mfalme atakachochukua: watoto wao wa kiume, mashamba yao, sehemu ya kumi ya nafaka zao. Hakuna mkulima wa Mbozi aliyehitaji mwalimu wa kumfafanulia sura hiyo.

Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yakavuka mpaka. Wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa wakapelekwa kizuizini, na uangalizi wa vituo vyao baadaye ukawa chini ya Waskoti. Sasa jiweke kwenye nafasi ya muumini wa Kinyiha aliyefundishwa na Bachmann. Mamlaka aliyoambiwa imewekwa na Mungu imekimbia. Mwalimu aliyemfundisha kuitii mamlaka amekamatwa na mamlaka. Mamlaka mpya ina bendera nyingine na mfalme mwingine, naye anadai utii kwa aya ile ile. Hakuna herufi iliyobadilika kwenye Warumi 13, ni mwenye nayo tu ndiye aliyebadilika. Na kanisa, likiwa mikononi mwa walimu na wazee Waafrika, halikufa.

Vita ile watu wa huku hawakuipigana kwa bunduki tu. Waliibeba kichwani. Ng'ambo waliwaita tenga-tenga, Dar es Salaam wametuachia jina Kariakoo. Kwenye kampeni nzima ya Afrika Mashariki Waingereza walichukua wapagazi kupita milioni 1 ukihesabu pande zote za makoloni yao, na waliokufa wanakadiriwa kuwa karibu 100,000, wengi kwa magonjwa na njaa. Anayekuja kumchukua mtu kijijini ni jumbe, anayemtuma jumbe ni chifu, anayemtuma chifu ni bwana shauri. Mamlaka yote hiyo imejipanga kwenye safu, na wewe uko chini kabisa na mzigo.

Katika hali hiyo wakatokea wahubiri waliosoma aya za upande wa pili. Mafundisho yao yalianzia mbali, kwa Charles Taze Russell wa Marekani, aliyetangaza kwamba mwaka 1914 ungefunga zama za watawala wa dunia. Elliot Kamwana, Mtonga wa Nyasaland aliyesoma kwa Waskoti, aliyaleta nyumbani mwaka 1908, akabatiza maelfu ndani ya miezi michache, na mwaka 1909 serikali ikamwondoa. Mwaka 1914 ulipofika, vita ikaja kweli. Wewe ungesema nini?

Mwaka 1917 baadhi ya wafanyakazi waliokuwa wamepokea mafundisho hayo huko Rhodesia ya Kusini walirudishwa makwao, maeneo ya Fife na Abercorn (siku hizi ni Nakonde na Mbala). Kati yao alikuwepo Hanoc Sindano. Walihubiri kwamba Mungu ndiye mtawala pekee, kwamba serikali na misheni vyote ni vya dunia inayokwisha. Wafuasi wao wakakataa kazi ya upagazi, wakakataa amri za majumbe na machifu, wakakesha wakiomba kwa sauti. Huku wakihubiri hayo, Novemba 1918, jeshi la Kijerumani la von Lettow-Vorbeck likapita tena kwenye nchi hii likielekea Fife, likaingia hadi Kasama, ambayo Waingereza walikuwa wameshaihama. Homa ya mafua nayo ilikuwa ikiua watu dunia nzima. Ni rahisi leo kuwacheka wahubiri wale. Lakini mwanakijiji aliyeona boma likikimbiwa na mabwana wake alikuwa na ushahidi wa Zaburi ya 146 mbele ya macho yake kuliko mimi na wewe.

Vita ikaisha, Lettow akasalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, na boma likarudi. Wahubiri wakakamatwa na kufungwa. Mafundisho hayakuishia hapo. Kwenye miaka ya 1920 yalishavuka kuja upande wa Tanganyika, na Kongo yakapata jina la Kitawala. Jina hilo limetokana na neno la Kiingereza la mnara, lakini sikio la Kiswahili linasikia kutawala, na watawala nao bila shaka walisikia hivyo hivyo.

Hapa kuna kisa ambacho wengi hawakijui. Makao makuu ya Watch Tower kule Marekani yenyewe yalihangaika na Warumi 13. Mwaka 1929 yalifundisha kwamba mamlaka iliyo kuu inayotajwa pale siyo serikali za dunia, ni Mungu na Kristo. Kwa tafsiri hiyo mgongano wote wa aya unayeyuka: hakuna mkuu wa kumtii zaidi ya yule wa kumtegemea. Zaidi ya miaka 30 wakashikilia hivyo. Mwaka 1962 wakabadilisha, wakasema hapana, ni serikali kweli, ila utii wake una mpaka pale amri inapogongana na ya Mungu, kama mitume walivyosema kwenye Matendo 5:29. Yaani wakarudi walipokuwa wasomaji wengine wengi. Haikuwasaidia kwetu. Mwaka 1965 Mashahidi wa Yehova wakapigwa marufuku Tanzania, na kizuizi kikaja kuondolewa mwaka 1987. Serikali changa zilizotoka kushika uhuru zilitaka watu wa bendera, kadi na wimbo wa taifa. Malawi ndiko ilikokuwa mbaya kupita kiasi. Kuanzia mwaka 1967 watu walipigwa na kufukuzwa kwa kukataa kununua kadi ya chama.

Angalia jambo hilo vizuri. Mkoloni alitaka utii: lipa kodi, beba mzigo. Chama kilitaka zaidi. Kilitaka moyo. Hapo Warumi 13 haikutosha tena kama kisingizio, maana Paulo hakuandika popote kwamba Wakristo wa Roma wampende Nero. Aliwaandikia karibu mwaka 57, Nero akiwa bado kijana kwenye kiti, na mapokeo ya kanisa yanasema ni chini ya Nero huyo huyo alikouawa.

Ukivuka Tunduma, ukafuata barabara kuu kupita Nakonde na Isoka, unaelekea nchi ya Chinsali. Huko ndiko mambo yalikofika mwisho wake. Mwaka 1953 mwanamke mmoja wa kijijini, Alice Lenshina, aliyekuwa akifundishwa kwa ajili ya ubatizo kwenye misheni ya Lubwa, alieleza kwamba amekufa na kurudi na ujumbe. Kanisa lake la Lumpa likakua mpaka likawa na makumi ya maelfu ya waumini, wakiimba nyimbo zao kwa Kibemba. Lubwa hiyo hiyo iliasisiwa na mwinjilisti David Kaunda kutoka Nyasaland, na hapo ndipo alipozaliwa mwanawe Kenneth mwaka 1924. Misheni moja, Biblia moja.

Chama cha UNIP kilipodai kila mtu awe na kadi, watu wa Lumpa wakakataa. Walihamia vijiji vyao wenyewe, nyumba zikachomwa kutoka pande zote mbili, watu wakauana. Julai 1964 polisi wawili waliuawa, na Kenneth Kaunda, wakati huo waziri mkuu, akatuma jeshi. Kanisa likapigwa marufuku tarehe 3 Agosti, Lenshina akajisalimisha siku chache baadaye. Hesabu rasmi ilikuwa watu zaidi ya 700 waliokufa. Wengine maelfu wakakimbilia Kongo. Zambia ikapata uhuru tarehe 24 Oktoba mwaka huo huo, na Lenshina akafa mwaka 1978 bila kanisa lake kuruhusiwa.

Nimesoma habari za Lumpa mara nyingi, na kinachonisumbua siyo chama tu. Waumini wale walikataa kuwategemea wakuu wa dunia, sawa. Lakini walikuwa na mkuu wao. Kumkimbia mtawala wa boma hakukuwafanya wasiwe na mwanadamu wa kumwegemea. Waliegemea kwingine, kwa mtu waliyeamini ametumwa. Ndiyo maana mimi aya inayonitia hofu kuliko zote siyo Warumi 13. Ni Waebrania 13:17. Ya Warumi kila mtu anaisoma akiwa na wasiwasi, kwa sababu hakuna asiyejua serikali ni nini. Ya Waebrania inasomwa na mchungaji mwenyewe, madhabahuni, mbele ya watu waliofumba macho. Kanungu, Uganda, Machi 2000, mamia waliteketea ndani ya jengo la kanisa. Shakahola, Kenya, mwaka 2023 na baada yake, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ya watu walioambiwa wafunge mpaka kufa wakamwone Yesu. Watu hao hawakuikosea Zaburi ya 146 kwa kumtumainia rais. Wao waliamini kabisa kwamba wanamtegemea Mungu.

Na wakati mwingine mkuu wa nchi na mkuu wa ibada wanakuwa mtu mmoja. Tumeishi hilo sisi wenyewe, halina haja ya kumbukumbu za kale. Aprili 2020 Rais Magufuli alitangaza siku 3 za maombi ya taifa dhidi ya corona, tarehe 17 hadi 19. Juni akasema Mungu amejibu, ugonjwa umeisha nchini. Mtu akiulizwa wakati ule, "Unamtegemea Mungu au kiongozi?", angejibu nini? Kumtegemea Mungu ndiyo ilikuwa amri ya kiongozi. Aya zote mbili zilikuwa zimeshonwa koti moja, na aliyevaa barakoa alionekana amepungukiwa imani na uzalendo kwa pamoja.

Januari 2021 maaskofu Wakatoliki wakatoa barua kuwaambia waumini ugonjwa upo, wasali na wajikinge. Ilisomeka kama jambo la kawaida, lakini kwa siku zile ilikuwa barua nzito. Hawakuacha kuitii serikali, hawakuwaambia watu waasi, na bado walikataa kuliegemea neno la mkuu kwenye jambo la uhai. Machi, katibu wa Baraza la Maaskofu, Padre Charles Kitima, akataja hadharani mapadre zaidi ya 25 na watawa 60 waliofariki ndani ya miezi 2.

Zaburi ya 146 haisemi wakuu ni wabaya, nadhani hilo ndilo huwa tunalipita haraka. Sababu inayoitoa ni ya maumbile tu: mkuu anavuta pumzi kama wewe, siku ikikata anarudi udongoni na alichopanga kinaondoka naye. Tarehe 17 Machi 2021 usiku, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwenye televisheni kwamba Rais Magufuli amefariki. Watu walilia barabarani, na wengine walikufa kwenye msongamano uwanjani Dar es Salaam wakienda kumuaga. Tarehe 19 Machi Samia akaapishwa. Jumapili ya tarehe 21, makanisa yaliyoombea wenye mamlaka kama 1 Timotheo 2 inavyoagiza yalikuwa na jina lingine la kutaja.